Unga wa Kalunde

Kuku hajaiva, na matumbo yenu nayasikia, basi sogeeni niwaeleze mvi zilitoka wapi. Na wewe shemeji Masanja, uliyekaa karibu na chungu, sikiliza vizuri, maana wewe ndiye mgawaji wa nyama nyumba hii.

Zamani nywele za mtu zilikuwa nyeusi tangu anazaliwa mpaka anazikwa. Msione ni jambo zuri. Ilikuwa amri kwamba mwenye nywele nyeusi ni kijana, na kijana kazi yake ni kuinamisha kichwa na kuitikia. Firigisi haonji. Mbele ya mtemi hafungui kinywa. Wazee tu ndio walioruhusiwa kukaa na kusema yao, lakini mzee angejulikanaje, vichwa vyote vikiwa vyeusi? Kwa hiyo hakuna aliyekaa, na hakuna aliyesema.

Palikuwa na mwanamke, Kalunde, mwenye wajukuu tisa na magoti yaliyochoka kupigwa. Siku nzima alikuwa kwenye jiwe la kusagia, yeye na shoga yake Milembe, na siku nzima aliuwaza uzee kama watoto wanavyoiwaza sikukuu.

"Nikizeeka," alisema, "nitanyoosha miguu yote miwili katikati ya njia, watu wanizunguke. Firigisi nitaila mchana kweupe. Halafu nitamwambia mtemi kwamba akianza kuimba, mbuzi wanakata kamba."

Milembe alicheka mpaka akamwaga mtama. Ni kweli mtemi wao, Mihayo, kila sikukuu ya mavuno aliimba tangu asubuhi mpaka jua la utosini, na watu wote wamesimama wakimpigia makofi.

Ukaja mwaka wa mvua haba. Mavuno yalikuwa kiganja tu, lakini mtemi akaamuru sikukuu ifanywe kama kawaida. Nafaka ilipopungua, wakaletewa kikapu kingine wasage. Kalunde akatia mkono ndani, akaitambua. Ilikuwa mbegu, ile aliyoichagua kwa mkono wake na kuitundika juu ya moshi wa jiko ingoje mvua. Kila mtu alijua kwamba karamu hiyo ni njaa ya mwakani. Kila mtu aliinamisha kichwa akaitikia.

Kalunde aliogopa sana, nisiwadanganye. Lakini aliwafikiria wale wajukuu tisa. Akachota unga aliokwisha kuusaga, akajimwagia kichwani, akaupaka mpaka masikioni, kisha akaenda mpaka mbele ya mtemi, aliyekuwa katikati ya kuimba. Wimbo ukakatikia njiani.

"Wewe ni nani?" mtemi akauliza.

"Ni Kalunde. Mnauliza kila siku uzee uko wapi. Ni huu hapa, ni unga niliowasagia tangu nikiwa msichana, leo nimeuvaa. Na kwa kuwa mimi ni mzee, nasema mbegu hailiwi. Tukiila leo, mwakani tutazika watoto. Na nyimbo zako, mwanangu, zinatuumiza masikio."

Milembe alijua shoga yake kwisha habari yake. Lakini mtemi akasema taratibu, "Mama, hata mimi zinaniumiza. Babu aliimba, baba akaimba. Nani angeniruhusu kunyamaza? Umebakiza unga?"

Akainama, Kalunde akampaka.

Mbegu ikarudishwa juu ya moshi. Sikukuu ile walikula majani ya maboga, lakini walikula wamekaa. Asubuhi Kalunde akaenda kisimani kuoga, akasugua, akasugua, unga haukutoka. Wanasema Mulungu aliona kazi ile akaipenda, akaiacha palepale. Mbio mpaka kwa Milembe kumwonyesha, na Milembe naye akainamisha kichwa akaulizia mvi zake zitakuja lini.

Na tangu siku hiyo mvi huja zenyewe, moja moja, polepole, ili mtu apate nafasi ya kupanga atakayoyasema. Ndiyo maana bibi kizee akizungumza hakatizwi, na watu husema penye wazee haliharibiki neno.

Mimi nimezingoja miaka na miaka. Jana nimeiona ya kwanza, hii hapa juu ya sikio. Binti yangu alitaka kuing'oa, nikampiga kofi mkononi.

Basi shemeji, naona kuku ameiva. Hiyo firigisi uliyoificha chini ya bawa, ilete huku.