Choo Chenye Kufuli

Aliyeandika hadithi hii hajapata kusema uongo tangu azaliwe. Naam, huo mmoja umeshapita, sasa tuendelee. Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Maana yake ni kuwa mwongo huanza safari kwa mbwembwe, kifua mbele, lakini hafiki mbali kabla ukweli haujamshika ukosi. Hayo ndiyo yaliyomkuta fundi cherehani mmoja ambaye watu walimwita Mama Pindo.

Kichochoro chao kilikuwa na nyumba tisa na kijito kimoja. Kijito hicho kiliwanywesha wote, kikawafulia, na mvua iliponyesha kikawarudishia kila walichokiacha vichakani. Watoto waliharisha hadi wakawa wepesi kama unyoya. Ndipo watu wa mradi wa maji walipokuja. Walisaidia kila nyumba kujenga choo, wakaweka na sharti: vyoo vyote tisa vikitumika, bomba litaletwa. Hata kimoja kikilala bure, bomba litapelekwa kichochoro cha pili.

Choo cha Mama Pindo kilikuwa kizuri mno, na uzuri huo ndio uliomponza. Kilikuwa na sakafu ya saruji, bati jipya na mlango wa kufuli, ilhali nyumba yake ilivuja kama chujio. Alikitazama siku mbili, akaguna, kisha akahamishia humo nguo za wateja. Gauni la bibi harusi likaning'inia ukutani. Sare za shule zikapangwa juu ya ubao uliofunika tundu. Yeye na mumewe wakaendelea kwenda kichakani alfajiri, wakinyata kama wezi wa kuku.

Kwenye mkutano wa kichochoro, alipoulizwa kama choo chake kinatumika, alijibu bila kupepesa macho, "Kwangu, ndugu zangu, watu wanapanga foleni!"

Wifi yake wa nyumba ya jirani hakulimeza hilo. Mwanawe alikuwa ametoka hospitali juzi tu kwa tumbo la kuendesha.

"Wifi, mbona ufunguo wa choo unalala nao kiunoni? Mumeo akibanwa anaandika barua?"

"Nafunga kwa sababu ya watoto wa watu, wifi yangu. Wataniharibia."

"Choo! Kinaharibiwaje tena?" Wifi alicheka, kisha uso ukamkunjamana. "Utani kando. Mwanangu akirudi kitandani kwa maji yale, tusijuane."

Maneno hayo yalimchoma Mama Pindo kama sindano chini ya ukucha. Kila siku alisema atazitoa nguo kesho. Lakini kesho ilikuja na mawingu, na kesho kutwa ikaja na wateja.

Siku ya ukaguzi, bwana afya aliyetumwa na mradi alifika bila taarifa na kuanzia nyumba ya kwanza. Ya Mama Pindo ilikuwa ya tisa.

"Yuko ya tatu!" mumewe alinong'ona kutoka uani.

Moyo wa Mama Pindo ulidunda kama cherehani iliyokanyagwa na kichaa. Alilibeba gauni mkuku mkuku, akazisukumiza sare chini ya kitanda, akang'oa ubao, akafagia, akamwaga maji sakafuni ili paonekane pametumika. Sabuni mpya aliisugua mpaka ikakonda.

"Ya saba! Mke wangu, kwa nini tusiseme ukweli tu?"

"Ukweli hauleti bomba. Nyamaza, shika ndoo!"

Mara hodi ikapigwa. Bwana afya alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye tochi mkononi. Nyuma yake walifuata majirani wote, wifi akiwa mbele na mwanawe mgongoni, maana vyoo vinane vilikuwa vimeshapita na bomba lilibakiza mlango mmoja.

"Karibu, mwanangu, karibu!"

"Ahsante, mama. Choo kinatumika?"

"Asubuhi, mchana na jioni! Huyu mume wangu ndiye hatoki humo kabisa."

Mume alivitazama vidole vyake vya miguu.

Bwana afya alikagua sabuni, akaitazama sakafu iliyolowa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Majirani wakaanza kukonyezana. Mama Pindo alivimba kama andazi. Kisha kijana akachuchumaa, akamulika tochi ndani ya tundu. Akaisogeza tochi huku na huko.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Humu ndani kwenu mnakula nini?"

"Chakula tu, baba, kama watu wengine."

"Maana huku chini kukavu, na naona satini nyekundu, vipande vya sare, nyuzi, vifungo viwili na zipu."

Katika pilika zake Mama Pindo alikuwa amezifagia takataka zote za cherehani na kuzitumbukiza tunduni. Tangu kuchimbwa kwake, shimo lile halikuwa limepokea kitu kingine.

"Ni tumbo," alibabaika. "Mume wangu tumbo lake... tangu zamani halieleweki..."

"Wifi," alisema wifi yake, na safari hii hakucheka. "Hata zipu?"

Bwana afya alifunga daftari lake taratibu, akauliza njia ya kwenda kichochoro cha pili. Hakuna aliyemwonyesha. Wote walikuwa wamemkodolea macho Mama Pindo, aliyesimama na ufagio mkononi, mdomo wazi, akitafuta uongo mwingine asiupate. Kweli, njia ya mwongo ni fupi: yake ilianzia mlangoni mwa choo na kukomea tunduni.