Kijiko Hungoja Shingo

"Kijiko hungoja shingo, shingo haingoji mavuno." Ndiyo maneno mliyoyasikia jana, shangazi yenu Nanzia alipomjibu jirani aliyetaka kujua kwa nini mtoto wa shangazi hajaanza uji. Jirani akacheka, akaenda zake ameelewa. Ninyi mkabaki mnatazamana. Wewe Niendiwe ukaniuliza, "Bibi, kijiko na shingo vina udugu gani? Na mavuno yameingiaje hapo?" Haya, sogeeni, mfunike na miguu, maana mahali penyewe ni pa baridi. Mimi sikuwako. Nilisimuliwa na bibi yangu, naye alisimuliwa na bibi yake, na chanzo cha maneno hayo ni hiki.

Palikuwa na kijiji juu kabisa ya milima ya Upare. Huko ukungu ulikuwa kama mtu wa nyumbani. Asubuhi ulipanda kutoka bondeni polepole, ukapita migombani, ukaingia ndani bila hodi, ukakaa karibu na moto. Watu walizungumza bila kuonana. Ukisikia kikohozi unajua ni fulani. Ukisikia maji yanashuka kwa kishindo unajua ndiva imefunguliwa, lile bwawa la kukusanyia maji ya mashamba. Bibi yangu alisema mtu akikaa huko sana, hawezi tena kuapa lipi aliliona na lipi aliliota.

Watu wa kijiji hicho walikuwa na mila yao. Mtoto hakuonjeshwa chakula siku yoyote tu. Ulezi mpya ukishavunwa, palikuwa na siku ya uji. Wanawake wote wenye watoto wachanga walitandika mikeka uwanjani, na kila mtoto alilishwa na mama wa baba yake, kwa kijiko cha mti, vijiko vitatu mbele ya watu. Vigelegele vikapigwa. Aliyezaliwa mapema mwaka huo alikula, na aliyezaliwa juzijuzi alikula. Anayeikosa siku hiyo hungoja mavuno mengine, kwa sababu wazee walisema ulezi wa ghalani umelala, na chakula kilicholala hakimwamshi mtoto.

Hapo kijijini alikuwapo mwanamke kijana aitwaye Nakunda, mke wa Sefue. Alikuwa ameolewa kutoka bonde la pili, na mtoto wake wa kwanza alikuwa Mbonea. Mbonea alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama muhindi mchanga, mpaka watu walipokuja kumwona walisema "hongera" kwa sauti ya chini. Nakunda alimbeba kifuani usiku na mchana. Alimnyonyesha akiwa macho, akamnyonyesha akiwa usingizini, na ndani ya ukungu ule alihisi wao wawili bado ni mtu mmoja. Jambo alilolitaka ni moja tu: mtoto huyu abaki.

Siku ya uji ikafika, na Mbonea alikuwa hajatimiza hata miezi mitatu.

Mama mkwe wake, Bibi Nakijwa, alikuwa mwanamke mrefu, mkali kidogo, anayependa mambo yaende yalivyokuwa yakienda. Aliketi mkekani, akampakata mjukuu, akachota uji. Akautia mdomoni. Mtoto akautoa wote kwa ulimi. Bibi akaukusanya kidevuni, akaurudisha. Hapo kichwa cha Mbonea kikaanguka nyuma, kama ua zito lenye umande, uji ukaenda kusiko. Akakohoa. Kisha hata kukohoa akaacha, na midomo yake ikaanza kuwa na rangi ya zambarau.

Nakunda hakuomba ruhusa. Alimnyakua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikielekea chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Uji ukatoka pamoja na maziwa, na mtoto akalia. Nakunda alisema baadaye kwamba hajapata kusikia wimbo mtamu kama kilio kile.

"Haya, amepona," akasema mwanamke mmoja. "Bado vijiko viwili."

"Hapana," akasema Nakunda.

Bibi Nakijwa akainua macho. "Unasemaje, mkamwana?"

"Samahani, mama. Nasema hapana. Weka mkono wako hapa nyuma. Shingo yake bado. Hawezi kukibeba kichwa chake mwenyewe, atabebaje uji? Hata ndiva hatuifungui kabla haijajaa."

"Watoto wote wa nyumba hii nimewalisha mimi. Huyo mumeo nimemlisha mimi."

"Najua, mama. Naye siku yake ya uji alikuwa mkubwa. Lakini huyu, kijiko kingoje shingo."

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema, "Huko kwao hula wakishaota ndevu!" Wakacheka. Nakunda akamfunika mtoto kwa kanga. Bibi Nakijwa akaweka kijiko chini.

"Sawa," akasema. "Basi atangoja mavuno. Mila si kamba ya mbuzi, uifunge na kuifungua upendavyo. Umekataa leo mbele za watu, na mimi mbele za watu nasema hatakula mpaka ulezi mpya."

Yakaisha hivyo. Wale wanawake wawili waliishi ua mmoja, wakachota maji njia moja, na maneno yakawa machache. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Basi. Ukungu ukakaa kati yao.

Mvua za masika zikaja, zikaenda. Ndani ya nyumba ile, shingo ya Mbonea ilikuwa ikikua. Hakuna aliyeiona ikikua, kama vile hakuna anayeuona mgomba ukirefuka. Siku moja mtoto alilazwa kifudifudi akainua kichwa, akaufuata kwa macho moshi uliokuwa ukipanda darini. Siku nyingine alikalishwa, akayumba, akatulia. Mwezi wake wa sita ukapita, wa saba ukaandama. Akawa anakaa kwa kuegemezwa kidogo tu, na macho yake yakajua njia ya tonge: linatoka bakulini, linapanda, linaingia kinywani mwa baba. Mdomo wake nao ulifunguka na kujifunga, mtupu, kama wa mtu anayekula ndotoni.

"Mama Mbonea," akasema Sefue, "mtoto huyu ananitazama kama ninamwibia."

"Geuka upande wa pili," akasema Nakunda.

"Nikigeuka ananisikia nikitafuna."

Nakunda alitabasamu, lakini moyoni hakuwa na raha. Mtoto alinyonya titi hili, akanyonya na lile, kisha akalia. Mapaja yake yalikuwa yameacha kunenepa. Mavuno yalikuwa mbali, ulezi shambani bado ni majani. Mtaniuliza, basi kwa nini hakumpa? Aliyekataa siku ile mbele za watu alishindwaje sasa, jikoni kwake? Ninyi bado wadogo. Mtu anaweza kuwa na nguvu za kukataa mara moja, na zikamwishia. Tena alikiogopa kijiko. Kila alipokitazama aliiona ile rangi ya zambarau. Kwa hiyo alingoja, akijiambia anafuata mila, na kumbe alikuwa akifuata hofu yake.

Asubuhi moja Nakunda alikwenda kupalilia, akamwacha mtoto kwa bibi yake. Bibi Nakijwa alikuwa amekaa mlangoni na bakuli la viazi vilivyopondwa, mtoto mbele yake juu ya mkeka, ameegemea goti lake. Nje hapakuonekana kitu, weupe mtupu. Bibi akachota kwa kijiko, akapeleka mkono kinywani mwake. Haukufika. Kitu kiliushika. Akatazama chini, akaona vidole vitano vidogo vimeng'ang'ania kifundo cha mkono wake. Mbonea akauvuta ule mkono, akaupeleka mdomoni kwake. Viazi vilikuwa vimekwisha kuanguka njiani. Akakinyonya kijiko kitupu, macho ameyafumba.

Bibi Nakijwa aliuacha mkono wake umeshikwa. Alipitisha mkono wa pili nyuma ya shingo ya mjukuu wake. Haikuhitaji kushikwa. Ilisimama yenyewe, ya moto na imara. Kisha mkono ukashuka mbavuni, na mbavu akazihesabu bila kutaka.

Huko shambani, Nakunda alisikia jiwe la kusagia. Akasimama. Nani asage ulezi majira haya? Akadhani ukungu unamchezea, unamletea sauti za mavuno yaliyopita. Lakini upepo ulipogeuka ulileta na harufu, ile ya ulezi uliokaangwa kidogo. Akaacha jembe pale pale, akateremka kwa haraka, akiijua njia kwa miguu tu.

Alimkuta mama mkwe jikoni, unga mpaka viwikoni, chungu motoni. Mbonea alikuwa ameketi akiutazama moto kama mzee wa baraza.

"Mama, ni nini hiki?"

"Uji."

"Wa nani?"

"Mimi nina meno yangu," akasema Bibi Nakijwa. "Wa nani, unadhani?"

"Na mavuno je? Si ulisema..."

"Nilisema."

"Ulezi huu ni wa ghalani, mama. Umelala."

"Umelala, sawa. Lakini mtoto ameamka." Bibi akakoroga, akainua mwiko kuona kama uji unashuka taratibu, maana hakuutaka mwepesi kama maji wala mzito wa kukaba. Kisha akasema bila kugeuka, "Nakunda, siku ile shingo niliiona. Niliiona kabla hujaniambia. Kilichoniuma ni kwamba uliniambia mbele za watu. Basi nikamfunga mtoto kwa hasira yangu, nikaiita mila. Leo ameushika mkono wangu mwenyewe. Wewe ulisema kijiko kingoje shingo. Mimi nasema shingo haingoji mavuno."

Nakunda akakitazama kijiko. "Mama, naogopa. Atakohoa."

"Pengine atakohoa. Mpakate, akae wima, mgongo wake kifuani pako. Ndivyo. Sasa chukua kijiko."

"Mlishe wewe. Ni haki yako."

"Haki yangu niliitumia vibaya. Kidogo tu, ncha ya kijiko. Usimtie kinywani, kiweke karibu, aje mwenyewe."

Nakunda akakisogeza kijiko. Mbonea akakitazama. Akainama mbele kwa shingo yake mwenyewe, kama ng'ombe anavyoinamia maji, akafunua mdomo, akaufunga. Koo dogo likapanda, likashuka. Mtoto akakunja uso kana kwamba ameambiwa habari ya ajabu. Kisha akafunua mdomo tena.

"Ameita," akasema bibi.

Alikula vijiko vichache, akageuza uso, wakamwacha. Kisha Nakunda akamnyonyesha, kwa kuwa uji ulikuja kuyasaidia maziwa, haukuja kuyafukuza. Jua lilikuwa limeanza kuupasua ukungu, na vumbi la unga likielea mlangoni, la dhahabu.

Habari hazijifichi. Kabla ya adhuhuri yule aliyesema habari za ndevu alikuwa amefika, ananusa.

"Bibi Nakijwa! Uji wa mtoto, na ulezi haujatoa hata kichwa?"

"Ulezi haujatoa kichwa, mtoto ametoa," akajibu bibi. "Mavuno ni ya shamba. Huyu si shamba."

"Na mila?"

"Mila ilikuwa kumlisha mtoto. Nimemlisha. Ingia uonje, ukitaka kujua kama umelala."

Yule mwanamke akaingia, akaonja, akalamba na kidole.

Ulezi mpya ulipovunwa walitandika mikeka kama kawaida, wakaimba. Lakini safari hii kila bibi alianza kwa kupitisha mkono nyuma ya shingo ya mjukuu wake. Aliyekaa imara na kukitamani kijiko alilishwa. Ambaye bado, alipigiwa vigelegele vile vile, akarudishwa kifuani kwa mama yake, na hakuna aliyemcheka. Na mtoto aliyekomaa katikati ya mwaka, nyumba yake ilisaga ulezi wa ghalani bila kumwuliza mtu.

Sasa jirani wa jana ana haraka, anataka mtoto wa shangazi yenu ale kwa sababu wa kwake alikula. Siku nyingine atakuja mwingine, amemwona mtoto akigombania sahani, aseme asipewe kwanza, tungoje hiki au kile. Nanzia atawajibu wote wawili kwa maneno yale yale, kama Nakunda na mama mkwe wake walivyoyatunga, kila mmoja nusu yake: kijiko hungoja shingo, shingo haingoji mavuno.