Kikuku cha Mfalme Eskil

Hapo kale, Denmaki ilipokuwa imekatwakatwa vipande, tajiri mmoja mgeni aitwaye Gerlak alijitwalia ngome ya Ravneborg. Mfalme kijana, Eskil, aliyekuwa akiviunganisha vipande hivyo, akaidai.

"Aje anipigie magoti hadharani," Gerlak alisema. "Nikicheka vya kutosha, nitamwachia banda la nguruwe."

Bodil, mpika pombe wa ngome, akaupeleka ujumbe. Mfalme akaja peke yake juu ya farasi, amejikunja, anakohoa. Wakulima na askari wa ngome, wote Wadenmaki, wakajaa uani.

"Mbona hashuki?" Gerlak aliuliza.

"Ana homa, bwana mkubwa," Bodil alijibu. "Akishuka mwenyewe ataanguka afe, na maiti haipigi magoti."

"Basi watumishi wamshushe!"

"Amekataa. Eti hataki kuguswa na watu wadogo. Maskini jeuri huyo!"

Gerlak akaangua kicheko. "Mfalme wa matope! Nitamshusha mwenyewe."

Akainama, akakishika kikuku cha tandiko, kile chuma anachokanyagia mpanda farasi, kwa mikono miwili. Eskil akakikanyaga, akashuka wima, kikohozi kimekwisha. Papo hapo askari wote wakavua kofia, wakahamia upande wake.

"Mmeingiwa na wazimu?" Gerlak alifoka.

"La, bwana," Bodil alisema. "Kwetu, anayemshikia mfalme kikuku mbele ya watu amejitangaza mtumishi wake, yeye na askari wake. Miaka yote hii umekula mkate wetu, hukuuliza hata desturi moja?"

Eskil akamkabidhi Gerlak hatamu.

"Haya," alisema, "kamnyweshe farasi."