Neno la Chui Kinywani mwa Kurumbiza

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikilizi, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na ndege mtunzi, Kurumbiza. Sauti ya kwake hakuwa nayo. Nyimbo zake zote alizishona kwa sauti za kuazima.

Alikwenda kwa Njiwa. "Shangazi, niazime kuu-kuu yako."

"Chukua, mwanangu."

Akaenda kwa Chura. "Mjomba, niazime kroo-kroo yako."

"Chukua, lakini usiniharibie!"

"Kwani mjomba, ina uzuri wa kuharibika?"

Wakacheka, wakacheka.

Siku moja akamsikia Chui akikoroma kichakani. Khrr... khrr... Lo! Neno la kusisimua! Lakini nani amwamshe Chui amwombe? Akalichukua kimyakimya. Akalitia katikati ya wimbo. Msitu mzima ukasisimka, ukasifu.

Kesho yake, majani cha! Tawi likainama. Kurumbiza akasikia pumzi ya moto mgongoni. Chui!

"Bibi mtunzi, una neno langu kinywani. Nimelifuata."

"Baba, nilikosa. Nisamehe."

"Imba wimbo ule ule, wote. Nikilisikia neno langu humo, nalichukua pamoja na kinywa."

Kuruka hawezi, Chui yu mgongoni. Kurumbiza akaimba. Kuu-kuu. Kroo-kroo. Akafika pale pa Chui. Neno likampanda kooni. Akalimeza.

Kimya.

Kimya gani kile! Njiwa akashtuka. "Mbona pale pa Chui pana pengo?"

"Mwenyewe kaja kulichukua!" akapiga kelele Chura. "Yupo hapa! Kimbieni!"

Chura chubwi majini! Swala huyoo! Ngedere juu! Chui akageuza kichwa kuwatazama, Kurumbiza naye frrr!

"Rudi! Nipe neno langu!"

"Nimeshakurudishia, baba. Ila kimya kile sikukiazima kwa yeyote. Kile changu."

Tangu siku hiyo Kurumbiza akikatiza wimbo, mnyama haulizi. Anakimbia. Chui hulala na njaa. Nanyi mkipita msituni, ndege akanyamaza ghafla, msigeuke nyuma. Mbio!

Basi, ukitaka neno la mtu, mwombe, na umtaje. Utakachokiongeza mwenyewe, hata kama ni kimya tu, hicho ni chako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Niliiazima kwa bibi yangu, Bi Somoe. Atakayeisimulia kesho, amtaje.