Waliotembea Katikati ya Njia

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao asubuhi na kupiga hodi wanapotembeleana, kiangazi kilikausha visima vyote. Likabaki bwawa moja tu, Bwawa la Mitete.

Kaeni vizuri. Wapo wanaosema mwenye kisa hiki ni Sungura. Si kweli. Alikuwa Digidigi, mama wa watoto wengi, mwenye miguu myembamba kama fito. Ndivyo kinavyosimuliwa nyumbani kwetu, na ndivyo ninavyowapa.

Nyumba iliyotangulia kunywa bwawani ilipata maji safi. Ya mwisho ilipata tope, na ya mwisho kila siku ilikuwa nyumba ya Digidigi. Kitinda mimba wake alikuwa amelala kwa kuumwa tumbo, hachezi wala hasemi.

Basi Bi Korongo, mwenye shingo ndefu na asiyecheka ovyo, akaitisha mbio za kumalizikia bwawani. Nyumba itakayoshinda ndiyo itakayotangulia kunywa kiangazi kizima. Wakajitokeza watatu: Nyati, Kifaru na Digidigi.

"Haa!" wanyama wakashtuka. "Mama, utakanyagwa!"

"Nikikanyagwa mtanizika," Digidigi akajibu. "Lakini mwanangu hanywi tope tena."

Bi Korongo akanyoosha shingo. "Njia ni ndefu, na kutembea si kosa. Ila anayetaka kutembea ainue mkia, aseme 'Natembea!', kisha akae pembeni. Katikati ni pa wanaokimbia. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Wakatimka. Gubu-gubu-gubu! Hao ni wakubwa. Ti-ti-ti-ti! Huyo Digidigi, mbele yao.

Mlimani pumzi ikamwishia. Akainua kimkia chake kisichozidi ncha ya kidole, akapaza sauti, "Natembea!" Akahamia pembeni kabisa, kwenye majani. Wakubwa wakampita na vumbi lao, hata asante hawakusema.

Ng'ambo ya mlima njia ilikuwa nyembamba, miiba huku na miiba huku. Hapo wakubwa nao wakachoka. Mnadhani waliinua mkia? Thubutu! Walisimama ghafla tu. Digidigi, aliyekuwa akija mbio nyuma yao, akajigonga pua kwenye kisigino cha Kifaru, kwaa! Kisha wakubwa wakaanza kutembea bega kwa bega, polepole, wakipiga soga kama watu wanaotoka harusini.

"Hodi, jamani! Naomba njia!"

"Nani huyo?" akauliza Kifaru, ambaye macho yake hayakuwa mazuri.

"Ni kile kijimama," akasema Nyati. "Subiri, binti. Wakubwa wanapumua."

"Pumueni pembeni, mzee! Si tumeambiwa?"

"Mimi nikae pembeni nichomwe na miiba? Kwa ajili yako? Nyamaza, mwanangu. Bwawa liko karibu. Tukiliona tutakimbia, na wewe utatufuata."

Ndege waliokuwa wakitazama kutoka mitini wakafunika nyuso kwa mabawa. "Salaale! Wazee wazima!"

Digidigi akajaribu kupenya katikati ya miguu yao. Kwato ikashuka, puu! karibu na sikio lake. Akarudi nyuma.

Sasa sikilizeni. Njia ile ilipita mlangoni kwa Digidigi mwenyewe. Watoto wake walikuwa wamejipanga chini ya miiba, pande zote mbili, wamwone mama yao akipita. Digidigi akapaza sauti kwa ukali:

"Nyinyi watoto! Wazee wanapita nyumbani kwenu kwa miguu, nanyi mmekodoa macho tu? Nimewalea hivyo? Waamkieni!"

Katika nchi ile mtoto hakuamkia kwa mdomo peke yake. Alileta kichwa, mzee akakigusa kwa kidevu na kumuuliza hali. Aliyekuwa akikimbia alisamehewa, maana ana haraka. Lakini aliyetembea, akimruka mtoto aliyeinamisha kichwa, ni kama amemwapiza. Hata Nyati hakuthubutu kufanya hivyo.

"Shikamoo, Babu Nyati!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?" Nyati akajibu kwa sauti nzito, kwa kuwa alipenda sana kuamkiwa. Akageukia kulia, akainama. Kifaru naye akageukia kushoto, akainama. Katikati pakabaki upenyo.

Fyuu! Digidigi akapita.

"He! Amepita!" Nyati akaguta. "Kifaru, tukimbie!"

"Shikamoo, babu! Mimi bado!"

"Marahaba. Kifaru, nasema tuki..."

"Na mimi, babu! Na mdogo wangu!"

Kila mtoto aliyeguswa kichwa aliruka nyuma ya kichaka, akazunguka, akarudi mwisho wa mstari.

"Wewe," Kifaru akakunja uso, "si nimekugusa sasa hivi?"

"Huyo alikuwa pacha wangu, babu."

"Na yule?"

"Pacha wetu."

"Loo! Mama yenu ana uzazi!"

Huko bwawani vifijo vikalipuka. Wakubwa waliposikia wakajua yamekwisha. Walifika wanahema, povu mdomoni.

"Bi Korongo, tumeonewa!" Nyati akalia. "Amewatuma wanawe watuzuie!"

"Waliziba njia?"

"Hapana. Walituamkia."

"Mlikuwa mnakimbia?"

"Tulikuwa... tunatembea."

"Pembeni?"

Nyati akamtazama Kifaru. Kifaru akatazama chini.

Hapo mtoto mmoja wa Digidigi akaropoka, "Mimi nimeguswa mara nyingi mpaka kichwa kinaniuma!"

"Haaa!" Umati mzima ukashika vinywa. Digidigi akafumba macho. Aliona maji yanamponyoka.

Bi Korongo akanyoosha shingo tena. Kisha akasema, "Mtoto akimwamkia mkubwa mara ya pili, hilo kwetu si kosa. Lakini wakubwa kujaza njia na kumshushia mama kwato, kama ndege walivyoniambia, hilo sijapata kuliona tangu nianguliwe." Akapiga bawa. "Nyumba ya Digidigi itangulie!"

Nyati akasogea nyuma, akapisha.

Digidigi akaenda kumleta kitinda mimba wake, akamweka ukingoni. Maji yalikuwa safi hata mawe ya chini yalionekana. Mtoto akanywa, akavuta pumzi, akanywa tena, wakubwa wote wakiwa wamesimama nyuma yake wakingoja zamu.

Hapo ndipo ninapokitua kisa, wanangu: kuchoka si aibu, lakini ukitaka kutembea, kaa pembeni uwapishe wanaokimbia.