Ndoa ya Ghanima Sebuleni kwa Bi Kidawa

Haya, jisogezeni. Na wewe uliyekaa mlangoni ingia, unatuzibia mwanga. Nina kesi hapa, nimechoka kuibeba peke yangu.

Tanga, mtaa wa Ngamiani, alikuwepo Bi Shemsa, mjane wa Mzee Shekue. Alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani, na macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Ukimwonyesha picha kwenye simu anaona ukungu tu. Nyumba ni moja, kila mke na upande wake, na humo ndani walikuwamo wanawake wengine watatu. Wa kwanza Bi Kidawa, mke mdogo wa marehemu, naye yumo katika eda ileile. Kipaji chake ni kukumbuka: ukimkosea leo, miaka kumi baadaye atakwambia hata ulivaa nini. Wa pili Mwalimu Tausi, mke wa mtoto mkubwa, mtu ambaye hajawahi kushindwa na mashine. Wa tatu Mgeni, mke wa mtoto mdogo. Shule hakufika mbali, lakini mwambie jambo haliwezekani, ndiyo kwanza anajifunga kanga kiunoni.

Binti wa mwisho wa Bi Shemsa, Ghanima, muuguzi huko Mwanza, alikuwa anaolewa hukohuko kwa baba yake mdogo. Tarehe aliipanga Mzee Shekue mwenyewe, na kabla ya kukata roho aliusia isisogezwe. Bi Shemsa alilia siku mbili, chakula hakipiti. Asubuhi ya harusi akawaita wote watatu.

"Atakayeniwezesha kumwona mwanangu akiolewa," alisema, "wallahi, eda ikiisha ndiye nitakayekwenda naye Mwanza."

Mmoja tu, maana Ghanima alikwisha sema nyumba yao ni chumba na sebule, mama aje na mtu mmoja. Sasa sikilizeni alichofanya kila mtu.

Mwanza wangeirusha ndoa kwa video ya simu, ila macho yale yalitaka runinga pana, nayo ilikuwa moja, inchi hamsini na tano, sebuleni kwa Bi Kidawa. Mzee Shekue alimnunulia yeye peke yake, na kwa ajili ya runinga hiyo wake wenza wale walikuwa hawajasalimiana mwaka wa nne. Bi Kidawa alisema siku zote kwamba Bi Shemsa hatakanyaga zulia lake. Siku hiyo alifungua mlango mwenyewe. "Pita, bi mkubwa," alisema, akitazama pembeni. "Mtoto ni wa marehemu." Bi Shemsa akavua ndala, akaingia.

Simu zao hazikukubali kuunganishwa na runinga ile. Mwalimu Tausi akaenda shuleni, akachukua kompyuta mpakato ya ofisi, ile iliyokatazwa kutoka nje ya geti, akaificha ndani ya mtandio. Wiki iliyofuata alipewa barua ya onyo: ukirudia, huna kazi.

Kompyuta ikawaka, Mwanza ikaonekana humo ndogo kama stempu, lakini waya wa kuipeleka picha kwenye runinga haukuwepo. Alasiri ilikwisha swaliwa, na ndoa ilipangwa mara baada ya hapo. Mgeni akatoka mbio mpaka kibanda umiza, kule wanaume wanakojazana kutazama mpira. Mechi ilikuwa dakika ya sabini. Akapenya katikati yao, akasimama mbele ya skrini.

"Jamani, kuna mama yuko kwenye eda na mwanawe anaozwa sasa hivi. Naomba huo waya!"

Walimzomea, wakamwita majina ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Mwenye kibanda akauchomoa waya, akampa. Mumewe Mgeni alikuwa amekaa benchi la pili. Mpaka leo hamsemeshi mkewe.

Waya ukachomekwa. Runinga ikaandika kwamba haipokei kitu, na kule Mwanza hutuba ya ndoa imekwisha anza. Bi Kidawa akashika rimoti, akahamisha kutoka tundu la kwanza kwenda la pili. Giza. Mwalimu Tausi akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, picha ikaja, ikapotea. Waya ulikuwa umechoka, haukai. Mgeni akapiga magoti nyuma ya runinga, akaushikilia kwa vidole mpaka mwisho. Yeye harusi hakuiona.

Ghanima akajaa ukuta mzima. Alipoulizwa kama ameridhia, mama yake aliuona mdomo ukitamka, "Nimeridhia." Bi Shemsa alifurahi, na papo hapo akamlilia mumewe upya, kwa sauti. Bi Kidawa naye alilia, upande wake wa kochi.

Eda ikaisha. Hapo ndipo raha ilipogeuka karaha.

"Mama," alisema Mwalimu Tausi, "nimebakiza kosa moja tu nifukuzwe kazi. Nilijitia hatarini kwa ajili yako."

"Na mimi usiponichukua, mama," alisema Mgeni, "mume wangu ataona nilijidhalilisha bure. Nitaishi naye vipi?"

Bi Kidawa yeye aliingia chumbani kwake. Alikunja nguo zake, akaziweka mkobani, akauacha mkoba mlangoni kwake, mlango wazi. Bi Shemsa alimjua mwenzake. Asipomwita, mlango ule utafungwa na hautafunguliwa tena mpaka mmoja wao azikwe.

Maskini Bi Shemsa alijuta kuapa. Kuwashukuru wote anaweza, kuwachukua wote hawezi, na kila anayemtazama anaona deni. Basi la Mwanza linaondoka kesho. Jioni Ghanima akapiga simu: "Mama, huyo unayekuja naye ni nani, nimtandikie?"

"Subiri kidogo, mwanangu," alijibu, na simu bado iko sikioni, na wanawake watatu wamemkodolea macho.

Mimi nimemfikisha hapo, mbele siwezi. Je, wewe ungeamua vipi? Na ukishamtaja mmoja, utuambie pia wale wawili wanaobaki utawatazama usoni na kuwaambia nini.