Sufuria Kubwa ya Bwire

Boti iliyolia mwaloni hailii ziwani. Ndivyo mwalimu alivyomwambia mjukuu wangu Nyabise jana, alipofeli mtihani wa majaribio akarudi nyumbani macho mekundu. Sasa yeye na wenzake wamekuja kuniuliza msemo huu umetoka wapi. Kaeni basi. Methali nyingine ukiuliza asili yake utaambiwa ni ya wahenga, mambo yakaishia hapo. Hii ilizaliwa hapa hapa mwaloni kwetu, kwenye ufuko huu wa kuegeshea mitumbwi, wavuvi wote wakishuhudia, na mjinga wa kisa chake ni mimi.

Miaka hiyo fundi wa mitumbwi katika mwalo huu nilikuwa peke yangu. Kila ukoo ulikuwa na nafasi yake ya kuegeshea, na desturi ilikuwa kali: ukoo ukipitisha miaka mitatu bila chombo chake majini, nafasi hupewa mwingine. Bwire, mtoto wa marehemu rafiki yangu, alikuwa amepoteza mtumbwi wa baba yake katika dhoruba, akawa anavua kama kibarua katika vyombo vya watu. Ziwa lilikuwa limefungwa miezi miwili ili samaki wazaliane, na siku ya kufunguliwa ndiyo iliyokuwa mwisho wa miaka yake mitatu. Aliyekuwa ameiomba nafasi ile, kwa ajili ya mwanangu Masatu, ni mimi.

Basi Bwire akakumbuka boti kuukuu ya makasia, ya alumini, iliyolala kifudifudi nyuma ya zahanati, kuku wakitagia chini yake. Wenyewe walikwishahama zamani. Mganga akamwambia aichukue tu, kuku watapata pengine. Akaisugua kwa mchanga na ndimu mpaka ikang'aa, kisha akaja kwangu.

"Fundi, inavuja. Nifanyeje?"

"Izamishe kwenye maji ya kina kifupi siku tatu," nikamwambia. "Itavimba, nyufa zitajifunga zenyewe."

Msinicheke. Ndivyo tunavyoufanya mtumbwi uliokauka: mbao hunywa maji, zikanenepa, zikabanana. Sikumdanganya, nilimwambia ninachokijua. Akaizamisha siku tatu, akaiopoa, akaipaka rangi ya bluu, akaishusha watu wakitazama. Hakufika hata kwenye matete. Alirudi maji yamemfika magotini, anachota kwa kopo, mwalo mzima unaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni mimi, na moyoni nilifurahi, maana niliiona nafasi ile imekwisha kuwa ya mwanangu. Zilibaki siku nne.

Habari zikamfikia dada yake mkubwa, Nyangeta, aliyekuwa akiziba sufuria na ndoo gulioni. Akaja moja kwa moja, nyundo kwenye kikapu.

"Nani kakwambia bati linavimba?"

Bwire akaninyooshea kidole.

"Shikamoo, Baba Masatu," akaniamkia kwa adabu zote. "Hebu niambie, umeshaona sufuria iliyonenepa kwa kulowekwa?"

Watu wakacheka tena, na safari hii hakuchekwa Bwire.

Akaamuru boti ipandishwe juu ya magogo, nchi kavu, akaanza kumimina maji ndani yake, ndoo baada ya ndoo. Wazee wakapiga kelele. Kwetu, kujaza maji chombo kilichoko nchi kavu ni kuliita ziwa limfuate mwenyewe. Hata Bwire alimshika mkono.

"Dada, acha. Hii ni nuksi."

"Nuksi ni kuzama! Mimi sufuria ya mteja siirudishi jikoni kwake nikabaki kuomba Mungu. Naijaza kwangu, nione inalilia wapi. Iache ilie hapa, tupo wa kuifuta machozi. Kule katikati ya ziwa ataifuta nani?"

Bwire akamwachia mkono. Punde tukaona tone, kisha jingine, kisha tumbo zima la boti likawa linadondosha. Nyangeta akajilaza chini yake na kipande cha mkaa, akazungushia duara kila palipovuja. Akahesabu thelathini na moja. Karibu zote zilikuwa kwenye ribiti, vile vipini vinavyoshika bamba na bamba, vilivyolegea kwa uzee, nayo rangi mpya ilikuwa imevificha tu. Wakamwaga maji. Bwire akaingia ndani, akakandamiza shoka zito juu ya kila ribiti, dada yake akigonga kwa nje. Palipokataa wakapaka gundi ya chuma. Wakajaza tena: kumi na moja. Wakarudia: nne. Jioni ya siku ya tatu boti ilijaa mpaka ukingoni.

"Baba Masatu, njoo ushike," Nyangeta akaniita.

Nikapitisha kiganja chini ya boti toka mwanzo hadi mwisho. Pakavu.

Siku ya kufunguliwa ziwa, Bwire alipiga makasia akayapita matete, akaenda mpaka bluu ile ikawa nukta. Saa sita upepo ukachafuka. Nilisimama mchangani namwomba Mungu amrudishe salama, wala sijui uchoyo wangu ulinitoka saa ngapi. Alasiri akarudi, akiimba, sangara wawili wakubwa na sato tele miguuni pake.

Mzee Mafuru, mwenyekiti wetu wa mwalo, akapanda kukagua. Chini ya benchi la nyuma, sakafuni, akakuta kiberiti ambacho Bwire alikiweka pale tangu asubuhi. Akatoa njiti, akaikwaruza mara moja.

Ikawaka.

Mwalo ulilipuka kwa vigelegele! Bwire akambeba dada yake juu juu, na nyundo yake. Mzee Mafuru akanigeukia, njiti bado mkononi.

"Majura, nafasi hii bado unaiomba?"

Nikamtazama Nyangeta, nikayakumbuka maneno yake.

"Mwenyekiti," nikasema, "boti iliyolia mwaloni hailii ziwani. Mwachie mwenyewe."

Kwa hiyo, Nyabise, futa uso. Mtihani wako wa majaribio ndiyo ndoo ya Nyangeta, na ziwa lenyewe, mtihani wa mwisho, bado miezi mitatu kufunguliwa. Lete hiyo karatasi na kipande cha mkaa, tuzungushie kila palipovuja. Boti iliyolia mwaloni, mjukuu wangu, hailii ziwani.